Safu ya Inawezekana

Mlango wa bati wa karakana ile ulikuwa na domo kuliko mafundi wote waliopita chini yake. Ukifunguliwa asubuhi, mtaa mzima ulijua. Ukifungwa jioni, mtaa mzima ulishukuru. Ndani walitengeneza vitu vya aina tatu tu, vyote vya kusukumwa: viti vya magurudumu kwa watu wasioweza kutembea, vitanda vya hospitali, na toroli za kubebea vyombo hotelini. Na kwenye kona, nyuma ya dirisha la plastiki lililopigwa moshi hadi likawa rangi ya chai, alikaa binti mmoja mbele ya kioo cha kompyuta kutwa nzima. Mafundi walimwita Dada Kioo.

"Dada Kioo, hebu nitazame. Nimependeza leo?"

"Kioo hiki hakionyeshi sura yako, Cheche. Kingekuwa kimeshapasuka."

Cheche alikuwa mkuu wa wachomeleaji, mtu mfupi mwenye matundu madogo ya moto kwenye kila shati alilokuwa nalo. Ndiye aliyempa binti jina hilo. Kwake yeye peke yake binti aliweza kurudisha neno. Kwa wengine wote alijibu kwa kichwa, na Bosi alipomwita alisimama kwanza, akanyoosha sketi, ndipo akaenda.

Kazi yake ilikuwa kupokea oda, kuziingiza kwenye programu, na kumsomea Bosi kilichoandikwa. Bosi alikuwa na macho mabovu na kiburi kizima. Miwani hakutaka hata kuisikia.

Programu yenyewe ilitengenezwa na mtaalamu mmoja mpole, anayeongea kama mtu aliye mbele ya mgonjwa. Siku ya mwisho ya kazi yake aliwaita wote mbele ya kompyuta.

"Hii ni safu ya mwisho," alisema. "Inatazama vipuri vilivyo stoo, kisha inawaambia mnaweza kuunda viti vingapi, vitanda vingapi, toroli ngapi. Haina jina bado. Tuiiteje? Liwe neno moja tu, nafasi ni ndogo."

Bosi akakuna kidevu. Mama Stoo, mtunza vipuri, akasema, "Vitakavyotoka." Cheche akasema, "Majaliwa," watu wakacheka. Binti, ambaye hakuwa na desturi ya kusema mbele ya kundi, alisikia sauti yake ikitoka bila ruhusa.

"Inawezekana."

Mtaalamu akapiga meza kwa furaha. Neno likaandikwa juu ya safu, na siku hiyo binti alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyempa mtoto jina.

Hakuna aliyefikiri kwamba neno hilo lina nyuso mbili. Mwalike mtu chakula, akikujibu, "Mm, inawezekana," mwenye akili hamwekei sahani. Lakini muulize fundi kama lango lako lililopinda litanyooka, akisema, "Inawezekana!", wewe unamshika mkono na kumpa kazi. Neno ni lile lile. Sauti ndiyo inayolitenganisha, na kompyuta haina sauti.

*

Nyumbani palikuwa na vyumba viwili na baba.

Baba yake alikuwa mwashi. "Nusu ya kuta za mtaa huu zimenijua," alipenda kusema, na haukuwa uongo mkubwa. Kisha kidonda kikaota kwenye kidole cha mguu, kidonda cha sukari, kidogo kama punje ya mahindi. Kikala kidole, kikala unyayo, mwisho madaktari wakaukata mguu wa kulia juu ya goti. Wa kushoto ulibaki, lakini dhaifu, kama mgeni aliyekaa sana hadi akasahau alichojia. Magongo aliyajaribu, akaanguka, akayajaribu tena, akaanguka vibaya zaidi. Tangu hapo dunia yake ilikuwa kitanda, mkeka, na mlango.

Alichokitaka kilikuwa kidogo. Alitaka kufika kwa kinyozi pale njia panda. Palikuwa karibu kiasi kwamba upepo ukigeuka walisikia redio ya kinyozi wakiwa ndani. Hapo ndipo wenzake wa ujenzi walipokaa jioni wakibishana. Mwanzoni walikuwa wakija kumwona. Baadaye wakawa wanatuma salamu. Baadaye salamu nazo zikachoka njiani.

"Nikifika pale hata mara moja," alisema, "nitawatukana wote mmoja mmoja, kisha ninyolewe."

Viti vya dukani havikumfaa. Mabega yake yalikuwa bado ya kubeba tofali, na kiti cha duka kilimbana kama kaptula ya mtoto. Lakini karakana iliruhusu mfanyakazi aundiwe kitu akikatwa mshahara polepole. Cheche alikuja siku moja na kamba, akampima mzee mgongo na mapaja kama fundi cherehani.

"Mzee, wewe si mtu, wewe ni kabati," alisema Cheche.

"Na wewe si fundi, wewe ni kiberiti. Pima, acha maneno."

Kesho yake binti aliingiza oda ya baba yake. Viti vitatu vilikuwa vimeshaagizwa na watu wengine. Cha baba kikawa cha nne. Akatazama safu ya mwisho. Mbele ya neno *Viti* palikuwa na sita. Sita ni zaidi ya nne, hata mtoto anajua. Jioni hakuvua hata viatu.

"Shikamoo, baba. Nimeingiza oda ya kiti."

"Marahaba, mama. Vipuri vipo?"

"Kompyuta inasema inawezekana."

Mzee alilirudia neno polepole, kama anayeonja chumvi ya mchuzi. "Inawezekana." Lilipotoka kinywani mwake lilikuwa lile la fundi anayepewa kazi.

Siku iliyofuata binti alirudi akakuta wingu la vumbi la saruji mlangoni. Baba yake alikuwa ameketi chini, mguu mmoja umenyooshwa, patasi mkono wa kushoto, nyundo mkono wa kulia, anavunja kizingiti.

Kizingiti hicho alikijenga mwenyewe. Mtaa wao uliteremka, na maji yote ya mvua yalielekea kwenye mlango wao kana kwamba yameelekezwa na mtu. Mzee alipojenga nyumba aliinua kizingiti hadi kikafika goti la mtoto. "Maji yakitaka kuingia kwangu yapige hodi," alikuwa akiwaambia majirani. Sasa alikuwa akikibomoa kipande kwa kipande, jasho na vumbi vikimtengenezea matope usoni.

"Baba! Na mvua je?"

"Mvua iko mbali. Kiti kiko karibu."

"Ungesubiri nimwite mtu."

"Mtu gani? Kizingiti hiki nakijua kilipo dhaifu. Mwingine angeniangushia na ukuta." Akapiga patasi, kipande kikaruka. Ilikuwa muda mrefu tangu binti amwone baba yake amechoka kwa kazi badala ya kuchoka kwa kulala. Akachukua ufagio, akakusanya vifusi.

*

Magurudumu makubwa ya viti hayakuwa shida. Yalitengenezwa kwa ringi za baiskeli, na ringi zilikuwa tele, zimening'inia ukutani mwa karakana kama bangili. Shida ilikuwa yale madogo ya mbele, yanayozunguka kila upande. Kiti kilitaka mawili. Kitanda cha hospitali kilitaka manne. Toroli ilitaka manne. Yote yalikuwa ya aina moja, kutoka kwa mwagizaji mmoja, na mwagizaji huyo alikuwa ameacha kupokea simu. Stoo lilibaki sanduku moja, na ndani yake magurudumu kumi na mawili.

Asubuhi moja gari la hoteli lilikuja kuchukua toroli mbili. Mafundi walikuwa wamemaliza kuzipaka rangi; kilichobaki ni kufunga magurudumu. Mama Stoo akatoa manane, Cheche akayafunga, binti akaandika kwenye kompyuta kwamba toroli zimetoka.

Kisha akaona jambo lililomfanya asogeze uso karibu na kioo.

Mbele ya neno *Viti* hapakuwa na sita tena. Palikuwa na mbili.

Akafikiri amekosea. Akafunga programu, akaifungua. Mbili. Hakuna kiti kilichotoka. Hakuna kiti kilichoguswa. Fremu ya kiti cha baba yake ilikuwa palepale ukutani, imeshachomelewa, ringi zake zimeshafungwa, pana kama kochi. Akatoka kwenye kona yake akaenda stoo.

"Mama, viti vimepunguaje?"

Mama Stoo alikuwa mwanamke mzito, mjane, anayekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alivuta sanduku kwa mguu, akafunua. Magurudumu manne.

Cheche alichungulia juu ya bega la binti. Alitazama sanduku, akatazama fremu ukutani, na mara hii mzaha ulimtoka bila yeye kucheka.

"Tumechinja kuku mmoja tukaalika nyumba tatu," alisema. "Kila nyumba tumeiambia mapaja ni yake."

Ndivyo ilivyokuwa. Magurudumu kumi na mawili yalitosha viti sita. Yalitosha pia vitanda vitatu. Yalitosha pia toroli tatu. Kila mstari ulisema kweli, mradi mistari mingine miwili isiwepo. Bosi alipouliza, "Toroli je?" binti alimsomea, "Inawezekana, tatu," naye akauza mbili. Alipouliza, "Vitanda?" alimsomea, "Inawezekana, tatu," naye akaahidi kimoja. Hakuna aliyezidisha. Kila mmoja alichota kidogo kuliko alichoruhusiwa, na mtungi ulikuwa umeshakauka.

Binti alimpigia simu mtaalamu. Mtaalamu alisikiliza kwa upole wake uleule.

"Ndiyo, dada. Kila kitu kinajihesabia peke yake. Kuhesabu vyote kwa pamoja ni kazi nyingine. Nilimwambia bosi wako, akasema tutaangalia."

"Tutaangalia," binti alirudia.

"Ndiyo. Akasema tutaangalia."

*

Bosi hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Alimsikiliza binti hadi mwisho, amekunja macho yake mabovu kuelekea kwenye kioo asichokiona.

"Toroli zimeshaondoka," alisema. "Hospitali nimetia sahihi, na wana mgonjwa wanamlaza chini. Manne yaliyobaki ni ya kitanda. Wa viti waambie wasubiri."

"Mpaka lini, Bosi?"

"Mpaka mzigo uje."

"Mzigo utakuja?"

Bosi akafungua mikono. "Inawezekana."

Binti alisimama palepale. Alikuwa amekuja na maneno mengine, ameyapanga njiani moja baada ya jingine, kuhusu kizingiti, kuhusu kinyozi, kuhusu baba aliyekaa chini na patasi. Bosi akamwambia, tena kwa huruma ya kweli, "Mpe pole mzee. Mzee wako ni mzee wangu." Naye akanyoosha sketi, akasema asante. Asante ya nini, hata yeye hakujua.

Cheche hakukubali haraka. Alikwenda sokoni akarudi na magurudumu mawili ya toroli kuukuu ya duka. Mhimili wake ulikuwa mwembamba. Akaujaza kwa kuchomelea, akaufunga, akajikalisha mwenyewe kwenye kiti. Kiti kilikwenda hatua chache, gurudumu moja likageuka upande, na Cheche akalala kifudifudi sakafuni mbele ya wenzake. Hakuna aliyecheka.

"Angekuwa mzee," alisema akijipangusa, "ningekuwa nimemkata na mguu wa pili."

Jioni, wengine wakiwa wananawa mikono, Mama Stoo alimvuta binti nyuma ya rafu.

"Mwanangu, lete mkoba wako."

"Wa nini, mama?"

"Lete, usiulize kama polisi." Akachukua magurudumu mawili, akayafunga kwenye kanga yake kuukuu, akayasukumiza ndani ya mkoba. "Bosi hayupo Jumamosi. Cheche ataunda. Kitanda kikikosa mawili, tutasema yalikuja pungufu. Hospitali wana vitanda vingi. Baba yako ana mguu mmoja."

Mkoba ulikuwa mzito begani njia nzima. Binti alihisi kila anayepishana naye anayasikia magurudumu yakigongana.

Baba yake aliyapokea kwa mikono miwili. Hakuuliza yametoka wapi. Aliweka moja kwenye kiganja, akalisukuma kwa kidole gumba, likazunguka bila sauti, muda mrefu kuliko mtu alivyotarajia. Akalisukuma tena.

"Laini," alisema. "Kama limepakwa siagi."

Alilala nayo pembeni ya mto. Binti alimwona kupitia mlango wa kati, mkono wake mmoja umeyafunika, kama mtu anayeogopa vifaranga watatoka.

*

Kesho yake hospitali walipiga simu. Kitanda kiko wapi? Bosi alikwenda mwenyewe stoo kuharakisha mambo. Macho yake yalikuwa mabovu, lakini mkono wake haukuwa kipofu. Aliuingiza kwenye sanduku, akapapasa, akautoa.

"Dada Kioo! Kompyuta inasema magurudumu mangapi?"

Binti alitoka kwenye kona yake. Angeweza kusema mawili. Lakini kompyuta ilikuwa inasema manne, na kila mtu karakanani alijua kwamba yeye husoma kilichoandikwa.

"Manne."

"Humu yamo mawili." Bosi akageuka kwa Mama Stoo. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililowatia baridi. "Mama, ufunguo wa hapa unao wewe tu. Miaka yote hii sijawahi kukuuliza. Leo nakuuliza."

Mama Stoo alikuwa ameketi juu ya ndoo yake. Hakumtazama binti hata kwa bahati mbaya. "Nitayatafuta, Bosi. Huenda yamedondoka nyuma ya rafu."

"Yatafute. Kesho asubuhi yasipokuwemo, usifungue stoo. Niachie ufunguo mezani, uende nyumbani."

Mafundi wakajifanya wana kazi. Cheche alishusha barakoa yake ya kuchomelea, akasimama hivyo bila kuwasha moto. Binti alifungua mdomo. Aliufungua kweli, na pumzi ikaingia, na ulimi ukajiandaa. Kisha Bosi akapita mbele yake akarudi ofisini, na mlango ukafungwa, na mdomo wake ulikuwa bado wazi.

Jioni hiyo baba alikuwa ameshaanika kwenye kamba shati lake jeupe la kwendea kwa kinyozi. Magurudumu yalikuwa mapajani pake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Jumamosi Cheche anakuja yeye, au kiti kinaletwa?"

Binti alichuchumaa mbele yake, pale pale kwenye kovu la kizingiti. Alimweleza yote. Alimweleza sanduku, toroli, kitanda, ufunguo wa Mama Stoo. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mzee alilazimika kuinama ili asikie. Binti alipomaliza, alinyoosha mikono, viganja juu, kama anayepokea maji ya kunawa.

"Naomba uniruhusu niyarudishe."

Mzee alisukuma gurudumu moja kwa kidole gumba. Wote wawili walilitazama hadi liliposimama lenyewe.

"Inawezekana," alisema, akampa.

Hilo halikuwa la fundi, wala halikuwa la mgeni anayekwepa chakula. Binti hakuwa amewahi kulisikia likisemwa namna hiyo.

*

Asubuhi Mama Stoo aliyaokota "nyuma ya rafu". Cheche aliyafunga kwenye kitanda, kitanda kikaondoka, na binti akaandika. Kwenye safu yake, viti, vitanda na toroli vyote vikawa sawa kwa mara ya kwanza: sifuri, sifuri, sifuri. Hatimaye kompyuta ilikuwa inasema jambo ambalo kila mtu angelielewa.

Mzigo haukuja. Mwagizaji alibadilisha namba. Wateja wa viti walipiga simu, kisha wakapiga mara chache, kisha wakanyamaza, na binti alijua ukimya wao ulivyokuwa kwa sababu nyumbani kwake ulikuwepo mwingine kama huo. Fremu pana ilibaki ukutani. Mafundi walianza kutundika makoti juu yake, mpaka siku moja Cheche aliyashusha yote akayatupa chini, akasema anayetundika tena atamchomelea mikono ya koti.

Mvua ilianza kama kawaida yake, bila kuuliza nani yuko tayari. Maji yalishuka mtaa mzima, yakafika mlangoni, yakakuta hakuna wa kupigiwa hodi. Yaliingia na majani makavu, mfuko wa plastiki, na ndala ya mtoto wa mtu. Binti aliinua mkeka, akainua unga, akashika beseni.

Jirani alichungulia amejifunika gunia kichwani. "Mzee, wewe mwashi mzima unafugia samaki ndani? Nina saruji nusu mfuko. Mvua ikikatika nikuletee, urudishe kizingiti."

"Hapana," alisema mzee kutoka kitandani.

"Hapana kwa nini?"

"Nikirudisha, kiti kitapitia wapi?"

Jirani alimtazama binti. Binti aliinama akachota maji, akayamwaga nje, akainama tena. Jirani akavuta gunia lake kichwani, akaenda zake.

Shati jeupe lilikuwa limetundikwa ndani sasa, juu ya kitanda, mbali na maji. Upepo uligeuka. Kupitia mvua walisikia redio ya kinyozi, na watu wakicheka kwa jambo fulani.

"Wanacheka nini?" mzee aliuliza.

"Sijui, baba."

Akachota tena. Maji aliyoyamwaga nje yalikuwa yanarudi kupitia mlango ule ule.